Tumaini kaingia mjini

Kikundi: WAJUKUU WA BABU – DAR

Jumamosi

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Nimefika salama, nipo Kimanga kwa Shangazi. Nina swali. Tangu saa kumi na mbili asubuhi kuna watu wanapita dirishani wanagonga vitu. Mmoja ana mkasi, anaukatisha hewani, kitambaa hana. Mwingine anagonganisha vichupa. Hawaiti, hawasemi, wanapita tu. Wana shida gani?

Dada Neema: 😂😂😂 karibu Dar mdogo wangu

Bamdogo: Marahaba Tumaini. Hawana shida, wako kazini. Mtu akitumia koo lake kutoka asubuhi mpaka jioni, saa nne limeshakauka. Kwa hiyo kila kazi ina mlio wake na mtaa mzima unaujua.

Dada Neema: Mkasi ni fundi cherehani. Angalia begani, mashine anayo. Ukimwita anakaa hapo kizingitini anakumalizia: zipu, pindo la suruali, shati la kubana, shuka lililochanika. Ila patana bei kabla hajashusha mashine. Akishaishusha, bei inakuwa ya mtu aliyeshusha mashine. Na uzi uchague wewe mwenyewe, maana wengi wanatembea na rangi tatu nne tu. Suruali ya bluu inarudi na mstari mweupe. Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa mbele yake, hasa pale chini inapoanzia, ndipo ulipe. Pindo mwambie akunje kwa ndani, asikate. Likikunjwa vibaya linafumuliwa, likikatwa vibaya umepata kaptula.

Tumaini: Na vichupa?

Dada Neema: Rangi za kucha. Huyo wateja wake ni dada zako. Anasugua visigino, anakata kucha, anapaka rangi, yote mlangoni kwako. Anayemwita atoe wembe wake na kikatio chake. Alichobeba yeye kimepita miguu ya mtaa mzima.

Tumaini: Huyu wa sasa anachezesha sarafu kiganjani. Konda kapotea njia?

Bamdogo: 😂😂 Karanga, sigara, pipi. Utazizoea. Sarafu za karanga zinakwenda taratibu, hazina ugomvi na mtu. Za konda zina haraka na zinakuangalia usoni.

Kaka Eddo: Jioni sikiliza vikombe vidogo vinagonganishwa. Huyo ni wa kahawa, ana dele, lile birika la kahawa, juu ya jiko dogo la mkaa. Kahawa yake haina sukari, utamu uko kwenye kashata. Unang'ata kashata kwanza halafu unapiga funda. Usiinue kikombe mpaka tone la mwisho, chini kuna mashapo.

Shangazi: Na yule wa spika anayetangaza dawa ya panya, mende na kunguni, usije ukanunua ukaniletea humu ndani.

Tumaini: Sijaona kunguni Shangazi

Shangazi: Ndiyo maana nasema kabla hujaona. Chupa haina lebo, hujui unanyunyiza nini kwenye godoro unalolalia. Dawa ya kunguni ni maji yanayochemka, unayamwaga kwenye nyufa na maungio ya kitanda. Shuka zichemshwe. Godoro lianikwe juani siku nzima, ukague mishono yake pembeni, wanajipanga humo kama wana namba za siti. Ukimaliza, rudia baada ya wiki moja na tena baada ya mbili, kwa sababu mayai yanabaki na yanaanguliwa. Wengi wanafanya mara moja, wakiumwa tena wanasema kunguni wa Dar ni sugu.

Bibi (Makambako): Huku baridi kali. Mtoto amekula?

Tumaini: Nimekula Bibi, shikamoo. Huku chumvi yenyewe inatoka jasho kwenye kopo

Mamdogo Sinza: Tia punje za mchele mkavu humo kwenye chumvi, kijiko kimoja kwa kopo la nusu kilo, zinanyonya unyevu. Na nikwambie la chakula mapema. Huko kwenu maharage yanalala jikoni na kesho yanaliwa. Hapa maharage ya saa mbili usiku, alfajiri yana povu. Kabla ya kulala yarudishe motoni yatokote dakika kumi kamili, siyo kupasha, kisha yaache yapoe kifuniko kikiwa na upenyo. Ukifunika kabisa yakiwa moto yanatoa jasho na kuchacha upesi. Ukishayachemsha usichovye mwiko wenye mabaki. Cha nazi ndicho kinawahi kuliko vyote. Wali wa nazi pika wa kuisha.

Kaka Eddo: Tumaini umekuja na blanketi?

Tumaini: ...ndiyo

Kaka Eddo: 😂 Likunje liwe mto. Utalihitaji Julai, siku mbili tatu, tena alfajiri.

Shangazi: Lina kilo ngapi lile? Limejaza begi peke yake.

Jumatatu

Tumaini: Habari za asubuhi. Maswali ya daladala. Moja, watu wakiingia hawasalimiani kabisa. Kwetu mtu akipanda gari anasema kamwene, gari zima linaitikia. Pili, wote wamelala, midomo wazi, lakini kituo chake kikikaribia mtu anafumbua macho kama kaguswa. Nani anawaamsha?

Bamdogo: Konda. Sikio halilali. Husikii anauliza "Malapa kuna mtu? Rozana? Boma wapo?" Mtu kituo chake kikitajwa anaamka. Sasa wewe usitegemee usingizi wao. Konda akiuliza na wewe ukanyamaza, dereva anapita, na akishapita hasimami mpaka kituo kinachofuata. Jibu kwa sauti: "Yupo!" au "Shusha!" Ukisema kwa adabu ya Makambako, chini chini, utaishia Karume.

Tumaini: Na wakati wa kupanda anaita "siti zipo, siti zipo", ndani watu wamekunjana

Bamdogo: Siti zipo kweli. Zina watu.

Dada Neema: 😂😂😂

Bamdogo: Haya, nauli. Tangu Desemba 2023 daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10 ni 600, mwanafunzi 200. Tatizo siyo hiyo 600, tatizo ni chenji. Ukitoa noti ya 1,000 unamdai konda 400 ya kukurudishia, na asubuhi kila mtu katoa noti ya 1,000. Hapo ndipo anawaunganisha: anampa mama wa mbele sarafu mbili tatu anasema "hiyo yako na ya kijana". Mama anashuka Boma na wewe unaenda Kariakoo. Kwa hiyo ukiona umeunganishwa na mtu, malizaneni hapo hapo, msisubiri kituo. La maana zaidi, toka nyumbani na sarafu ya 500 na ya 100. Mangi, mwenye duka wa mtaani, anakuvunjia ukinunua kitu asubuhi.

Tumaini: Mangi yupi, mtaa huu wana mangi wanne

Shangazi: Duka lolote. Wote ni mangi, hata wa Kigoma.

Kaka Eddo: Mwambie kuhusu kugeuza.

Bamdogo: Hiyo ndiyo elimu ya jioni. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja usiku, gari za kutoka Kariakoo zinafika kituoni zimejaa. Unashangaa zimejazwa wapi wakati hapo ndipo mwanzo. Wenzako wamezipandia njiani zikiwa zinakuja mjini, Karume au Boma, wakakaa, wanageuka nazo. Mwendo wa nyuma kwanza, halafu wa nyumbani. Unalipa mara mbili, 600 ya kwenda na 600 ya kurudi, jumla 1,200, lakini umekaa.

Sasa pale inapoharibika. Kabla ya kupanda muulize konda "unageuza?" Asiposema ndiyo waziwazi, usipande. Kuna gari ikifika mjini inaenda kujaza mafuta, au inampelekea fundi breki, au dereva anabadilishana na mwenzake, wewe unashushwa na nauli imeliwa. Nyingine inageuza kweli lakini inakata ruti, inaishia Buguruni inarudi tena mjini kuwahi abiria wengine. Hiyo ni kosa na wanakamatwa, lakini saa kumi na mbili jioni yanatokea. Ukisikia konda anaita "Buguruni, Buguruni" badala ya jina lililoandikwa kwenye kioo, amini mdomo wake, usiamini kioo. Na nauli ya pili usitoe mpaka gari limeshageuka, limesimama linapakia.

Tumaini: Kukaa wapi ndiyo kuzuri?

Bamdogo: Siti iliyo juu ya tairi magoti yanagusa kidevu. Pembeni ya injini miguu inachemka, jioni kwenye foleni utadhani unapikwa. Siti ya mlangoni utasimama kila kituo kupisha. Mimi nasema safu ya katikati, upande usio na mlango. Dirishani kuzuri kwa upepo, ila simu isionekane gari likiwa limesimama kwenye taa au foleni. Mkono unaingia kutoka nje, ukigeuka mtu yuko ng'ambo ya barabara. Begi likae tumboni, hata kama unaonekana mjamzito.

Mamdogo Sinza: Na asimpigie mtu simu humo kujadili hela. Gari zima linakuwa na maoni.

Tumaini: Hilo nimeliona! Dada mmoja anaongea na simu kuhusu mchango wa harusi, mzee wa nyuma akamwambia kiasi hicho ni kikubwa

Dada Neema: Na mzee yuko sahihi, michango imezidi

Shangazi: Neema, hapa si mahali pake.

Bibi (Makambako): Tumaini anakula nini huko? Viazi vipo?

Tumaini: Bibi viazi vipo, tena wanaviita vya Njombe. Ila vimekatwakatwa, vimekaangwa, vimemwagiwa mayai juu, mtu anavichoma na kijiti kimoja kimoja kama anavionea huruma

Mamdogo Sinza: Zege hilo. Tumaini usilidharau, kuna watu wamesoma chuo kikuu miaka mitatu kwa zege. Lakini lina ufundi, na mnunuzi lazima ajue anachokitazama. Viazi vinakaangwa mara mbili. Mara ya kwanza mafuta ya moto wa wastani, viive viwe laini lakini visipate rangi, vinatolewa vinachuja kwenye kabati la kioo. Mteja akifika vinarudi kwenye mafuta makali dakika mbili tatu mpaka vikauke nje. Hapo ndipo vinakwenda kwenye kikaango kidogo chenye kijiko kimoja cha mafuta, mayai mawili yaliyopigwa na chumvi yanamwagwa juu, kikaango kinainamishwa huku na huku mayai yaingie chini. Yakishika, sahani inafunika, kikaango kinapinduliwa, zege linatelezeshwa kurudi upande wa pili.

Linaharibika wapi? Kikaango kikiwa baridi mayai yananata na linatoka vipande. Mpishi mwenye haraka anaruka ule mkaango wa pili, unakula viazi vilivyolala tangu asubuhi vimepashwa na mayai. Viazi vyenye maji mengi vinakunywa mafuta, ukibonyeza kwa kijiti yanachuruzika. Na tazama mafuta yenyewe: yakiwa meusi na yanatoa moshi hata kabla ya kuweka kitu, sogea banda la pili. Kachumbari ikatwe mbele yako, nyanya iliyokatwa mchana na joto hili usiiguse usiku.

Kaka Eddo: Nimepata njaa saa tatu asubuhi

Bibi (Makambako): Viazi vinachemshwa na maganda.

Tumaini: Ndiyo Bibi

Jumatano

Tumaini: Kuna dalali kanipigia, ana chumba. Kanielekeza hivi: "Shuka Tabata Shule, ingia na njia ya vumbi, ukifika kwenye mwembe uliza." Nikamuuliza mwembe uko upande gani, akasema ulishakatwa, ila watu wanaujua.

Dada Neema: 😂😂😂 amekuelekeza vizuri kabisa

Kaka Eddo: Usicheke Neema, kijana atapotea. Tumaini, jina la kituo halitoshi. Muulize vitu vitatu: kituo, upande wa barabara (kama unaenda mjini au unatoka mjini), na kijiwe cha boda kilicho karibu. Boda wa kijiwe kile anajua mpaka mti uliokatwa. Namba ya nyumba ukimuuliza mtu atakushangaa, ingawa mtaa una jina na nyumba ina kibao. Ukizidiwa, akutumie lokesheni, lakini hakikisha ameituma akiwa pale, wengine wanatuma wakiwa kijiweni wanacheza bao.

Shangazi: Hiyo hela ya dalali mmepatana?

Tumaini: Kasema ya kuona nyumba 10,000, halafu nikichukua namlipa kodi ya mwezi mmoja

Shangazi: Ya mwezi mmoja ndiyo kawaida yao. Ya kuona mwambie unampa baada ya kuona, na ni moja kwa nyumba zote atakazokuonyesha siku hiyo, siyo kila mlango. Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo. Usimpe dalali hiyo hela, hata aseme ametumwa. Mpe mwenye nyumba, mkiandikishana mkataba serikali ya mtaa, na mjumbe akujue. Ile barua ya utambulisho ya mtaa utaitafuta siku unayofungua akaunti benki, na mwenyekiti hawezi kukuandikia kama hajawahi kukusikia.

Mamdogo Sinza: Maji! Aulize maji

Shangazi: Ndiyo. Fungua bomba uonje. Kama ni kisima cha chumvi, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinapauka, chai inakuwa na ladha ya baharini. Wengi wanaoga na kufulia ya kisima, ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wanaweka kwenye dumu la kunywa na kupikia. Siyo kasoro ya kukataa chumba, ila ijue kabla, uongeze hela ya madumu kwenye hesabu. Na uangalie choo ni cha wangapi.

Kaka Eddo: Na mita. Hili ndilo linalovunja undugu wa wapangaji. Uliza kama chumba kina mita yake au nyumba nzima ni moja. Kama ni moja, uliza nani ana friji, nani ana jiko la umeme, mnachangaje. Kuchanga sawasawa kunakuumiza wewe mwenye taa na feni.

Hesabu ni hii. Feni ya kusimama ni wati 50 mpaka 60. Ikiwaka saa kumi usiku, ni nusu uniti na kidogo. Pasi ni wati 1,000, nusu saa tu imekula sawa na feni yako ya usiku kucha. Jiko la wati 1,500 likiwaka saa moja ni uniti moja na nusu, feni ya siku tatu hiyo. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 10,000 mteja wa kawaida wa nyumbani anapata kama uniti 28, makato yamo. Mpangaji wa peke yake mwenye feni, taa mbili na simu haimalizi kwa mwezi. Anayepika kwa umeme haifiki wiki mbili.

Tumaini: Mbona juzi Shangazi kanunua ya 10,000 kapata 23?

Kaka Eddo: Ulikuwa ununuzi wa kwanza wa mwezi. Kodi ya jengo inakatwa humo. Ilianza Agosti 2021 kwa 1,000 kila mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Umeme ulionunuliwa ni wa 8,500. Nunua mara ya pili ndani ya mwezi huo huo, unapata 28 zako. Watu wengi wanalalamika mita inaiba tarehe mosi, kumbe ni hiyo. Na ukipanga, andikeni kwenye mkataba nani anaibeba, maana mwenye deni ni mwenye nyumba lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji.

Bamdogo: Feni na chandarua umemwambia?

Kaka Eddo: Chandarua kinakata upepo karibu nusu, sasa wageni wanakifunua wapate hewa, mbu nao wanapata mgeni. Usifunue. Sogeza feni karibu na kitanda, iwe usawa wa godoro, ipulize kutokea miguuni. Vitundu vya feni vipanguse vumbi kila baada ya wiki mbili, feni yenye vumbi inazunguka haitoi upepo na mota inachemka.

Tumaini: Asanteni sana. Naenda kukiona saa kumi

Bamdogo: Nenda saa nane. Saa kumi ukitoka huko unakutana na watu wanaogeuza.

Shangazi: Tumaini, kabla hujatoka, mita imeanza kulia. Namba 20 ziko kwenye simu yangu mezani, ziingize nne nne usome kwa sauti. Na funga dirisha la jikoni, paka wa jirani ameshajua leo kuna dagaa.